Namna ya kukagua gari iliyotumika kabla hujatoa hela yako

Wakuu, swali la "nichukue gari gani" linaulizwa kila kukicha na majibu ni yale yale, huyu anasema Toyota haifi, yule anasema Mjerumani ndio gari, mwingine anakuja na Subaru yake na ugomvi unaanzia hapo. Mimi naona swali lenyewe linaanza pabaya. Gari ikishafikisha miaka 10 au 15 barabarani, aliyeiendesha na aliyekuwa anaimwaga oili (yaani kuibadilisha) wana mchango mkubwa kuliko kiwanda kilichoitengeneza. Toyota iliyocheleweshewa oili miaka yote hiyo itakutesa kuliko Volkswagen iliyotunzwa, na hayo majina makubwa nayo yana madoa yake, mwaka 2015 Volkswagen ilibainika imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari ya dizeli kama milioni 11 duniani, na ile mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani iliyokuwa inalipuka na kurusha vipande vya chuma ilikuwa ndani ya Honda, Toyota, BMW na wengine kibao. Kwa hiyo jina la kampuni liwe la kuanzia tu, baada ya hapo unainunua hii gari moja iliyosimama mbele yako na hiyo ndio ya kuchunguza.

Na kitu cha kwanza kabisa, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote nitakavyoandika hapa: ikute injini ya baridi. Mwambie muuzaji mapema kabisa kwamba unataka ukute gari haijawashwa tangu jana yake, na ukifika weka mkono juu ya boneti kabla hata ya salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto ina maana mtu ameipasha, inawezekana hana nia mbaya, labda ameisogeza tu, ila wewe umeshakosa taarifa kubwa sana maana magonjwa mengi mabaya ya injini yanajionyesha kwenye ule uwashaji wa kwanza wa baridi, ikishapata moto yanajificha. Omba kurudi kesho yake asubuhi. Muuzaji akikataa katakata bila sababu ya maana, mimi hapo naondoka.

Sasa kabla ya kuwasha fungua boneti. Chomoa dipstiki, ile ya kupimia oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili kuwa nyeusi sio kosa, hasa kwa dizeli, siku chache tu baada ya kumwagwa inakuwa nyeusi. Unachoogopa ni oili kuwa chini ya alama ya mwisho, maana mwenye gari ameshindwa hata kuongeza na huenda injini inakula oili, au kuwa nzito kama lami, au kuwa na rangi ya maziwa. Hii ya maziwa ielewe vizuri, ukiikuta kidogo tu chini ya kifuniko cha kuwekea oili inaweza kuwa mvuke wa maji kwa gari inayotembea safari fupi fupi bila kupata moto wa kutosha, lakini ukiikuta kwenye dipstiki yenyewe basi maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, na mara nyingi hapo gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake cha juu) imekufa au hedi yenyewe imepinda. Halafu ukifungua kifuniko cha oili chungulia ndani na tochi ya simu, chuma kikiwa na rangi ya dhahabu au kahawia nyepesi ni kawaida, ukiona tope jeusi limegandia ujue huyu mtu alikuwa haimwagi oili kwa wakati na hakuna maelezo yatakayobadilisha hilo.

Rejeta nayo ifungue sasa hivi ikiwa ya baridi. NARUDIA, ikiwa ya baridi, usiguse kile kifuniko injini ikiwa ya moto maana maji yale yako kwenye presha, joto lake linaweza kupita nyuzi 100 na ukilegeza tu yanaruka usoni, watu wameungua vibaya sana kwa hili. Ndani unataka kuona koolanti (maji maalumu ya kupoza injini) safi ya rangi yoyote ile, kijani, nyekundu, bluu, sio tatizo. Ukikuta maji matupu yenye kutu, mwenye gari alikuwa anaongeza maji tu, na mtu haongezi maji mara kwa mara bila sababu, yanaenda mahali. Ukikuta mafuta yanaelea juu, funga boneti, mshukuru, nenda kwako.

Haya, ingia ndani ya gari. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha na utazame dashibodi. Taa ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki), ya mfuko wa hewa, ya oili, ya betri, zote zinatakiwa ziwake hapo, halafu zingine zizime zenyewe baada ya sekunde chache na zingine zizime injini ikiwaka. Watu wengi wanaangalia kama kuna taa iliyobaki inawaka, wanasahau upande wa pili, taa ambayo HAIJAWAKA kabisa. Taa ya mfuko wa hewa isipowaka pale mwanzo huenda kuna mtu ameizima makusudi, kwa kutoa balbu au kuiunganisha na taa nyingine ili zizime pamoja, na maana yake huenda gari ilishapata ajali mifuko ikafumuka na haikurudishwa. Hii inaniuma sana kwa kweli, maana hapo mtu anakuuzia gari huku akijua siku ya ajali wewe na familia yako hamna kinga.

Sasa iwashe, redio zima, AC zima, madirisha shusha, na uwe na mwenzako amesimama nyuma kwenye ekzosi. Sikiliza zile sekunde tatu nne za mwanzo. Mlio wa chuma kugongana kama mnyororo unatikiswa ambao unapotea baada ya muda mfupi, mara nyingi ni cheni ya taiming (inayofanya valvu ziende sawa na pistoni) imelegea au tenshena yake, kile kinachoikaza, imechoka, na hiyo sio kazi ndogo, injini inafunguliwa mbele yote. Kama gari inatumia belti badala ya cheni, uliza ilibadilishwa lini na uoneshwe risiti, nyingi zinatakiwa kubadilishwa mahali fulani kati ya kilomita 90,000 na 160,000 kutegemea na kiwanda, na kwa injini nyingi belti ikikatika pistoni zinagonga valvu na injini imeisha. Asiye na ushahidi wa kubadilisha wewe hesabu kwamba haijabadilishwa, basi.

Moshi ndio somo lenyewe. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni maji tu, unapotea injini ikipata moto, usimwogopeshe mtu bure kwa hilo. Mweupe mzito usioisha hata baada ya dakika 10, afu una harufu kama ya kitu kitamu, hiyo ni koolanti inaungua ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na hapa kuna kujua wakati gani unatoka: ukitoka kama pafu moja ukiwasha tu kisha unaacha, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, gari inaweza kuishi hivyo muda mrefu na sio ghali kama kufungua injini nzima, ukitoka kila ukikanyaga mafuta huku gari ina moto, hizo ni ringi za pistoni, au turbo kama gari ina turbo, na mimi siigusi. Moshi mweusi kwenye petroli ni mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, inaweza kuwa sensa, nozeli au chujio chafu cha hewa, na mengi ya hayo yanarekebishika. Kwa dizeli kuukuu pafu jeusi ukikanyaga ghafla sio la kushangaza, ila lisiwe wingu linalokufuata.

Kuna kipimo kingine cha bure kabisa ambacho wauzaji wengi hawakipendi. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili ukilaze tu juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitulia au kikitetemeka kidogo tu, sawa. Kikirukaruka na moshi unapumua kwa nguvu kutoka pale, presha ya silinda inavuja kupita kwenye ringi kushuka kwenye oili na injini imechoka, hata kama imeoshwa inang'aa. Na kuhusu kung'aa, mimi injini iliyooshwa na kupakwa mafuta ya kung'arisha inanipa mashaka kuliko yenye vumbi la kawaida, maana vumbi linaonyesha uvujaji wa oili unatokea wapi na maji yameufuta huo ushahidi.

Wakati inaendelea kupata moto chukua skana. Hii mtu asikutishe kwamba ni mambo ya mafundi wakubwa, kale kadude kadogo ka Bluetooth kanachochomekwa chini ya usukani na kusoma kwenye simu kanatosha kabisa. Magari yote ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 na modeli mpya za Ulaya kuanzia 2001 yana soketi ya OBD inayofanana, mengi yaliyotoka baada ya hapo sehemu nyingine nayo yanayo. Sasa wengi wakisoma wakakuta hakuna kodi ya tatizo (namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari imeihifadhi) wanafurahi na kuchomoa, na hapo ndipo wanapopigwa, kwa sababu muuzaji anaweza kufuta kodi zote dakika 5 kabla hujafika na taa ya injini ikazima, itarudi kuwaka ukiwa umeshalipa. Unachotakiwa kutazama ni ile sehemu ya vipimo ambavyo kompyuta ya gari inajifanyia yenyewe, cha masega ya ekzosi (kile kinachosafisha moshi), cha sensa za oksijeni, cha mvuke wa tenki na vingine, kila kimoja kinaandika kimekamilika au bado. Kodi zikifutwa vile vipimo navyo vinarudi sifuri na huchukua siku kadhaa za kuendesha kawaida kukamilika. Ukikuta karibu vyote viko "bado", ama betri ilichomolewa karibuni ama kodi zimefutwa. Programu nyingi pia zinakuonyesha gari imetembea kilomita ngapi tangu kodi zifutwe, ukikuta 4 au 7 hivi huhitaji kuuliza zaidi.

Ukiwa na hiyo hiyo skana tazama voltiji. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.7 na 14.7 hivi, ikiwa chini ya hapo mara nyingi altaneta, ile inayochaji betri, haichaji vizuri. Halijoto nayo, gari nyingi zinatulia kwenye nyuzi 85 mpaka 105, unaiacha inaunguruma imesimama mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe na ushuhudie joto likishuka. Usiondoke hapo kabla feni haijawaka. Gari nyingi zinazochemsha kwenye foleni huwa zinaenda vizuri tu zikiwa kwenye mwendo kwa sababu upepo unapoza, ndio maana mnunuzi anayezunguka nayo dakika 10 kwenye barabara isiyo na foleni hagundui chochote.

Gia boksi sasa. Ikiwa otomatiki, kanyaga breki, toa N weka D, rudisha N, weka R, fanya hivyo mara kadhaa injini ikiwa ya baridi na tena ikiwa ya moto. Gia inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi kwa mguso laini, ikichelewa au ikipiga kishindo kama umegongwa nyuma kuna shida ndani. Kama ina dipstiki ya mafuta ya gia, mafuta mapya ni mekundu, yakizeeka yanaenda kahawia, lakini yakiwa meusi na yananuka kuungua klachi za ndani zimeliwa. Kwenye CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, mimi nina msimamo ambao najua wengine hawaupendi, CVT sio mbaya kama inavyosemwa, inauliwa na watu wanaoweka mafuta yoyote wanayoyakuta badala ya yale kiwanda kilichoandika, na wale wanaoambiwa ni mafuta ya maisha hayabadilishwi. Bila ushahidi wa mafuta sahihi siwezi kununua CVT yenye kilomita nyingi hata nikipunguziwa. Kwenye manyuo jaribu hivi, ukiwa kwenye mwendo mdogo gia ya juu kanyaga mafuta, injini ikipanda mizunguko bila gari kuongeza kasi, klachi imeisha.

Odomita, ile inayohesabu kilomita, usiiamini peke yake, za kidijitali zinachezewa kwa kompyuta kirahisi kuliko zile za zamani za magurudumu. Tazama raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani, ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anapokwaruza akishuka. Gari inayosema kilomita 60,000 halafu raba ya pedali imelika mpaka chuma kinaonekana, moja kati ya hivyo viwili inadanganya na sio pedali.

Rangi na bodi sina mengi, simama kwa pembeni gari ikiwa kwenye mwanga wa jua na utazame mstari wa ubavu kutoka mbele mpaka nyuma, mapengo ya milango yalingane, na bolti za fenda na boneti ziwe hazijaguswa na spana. Vioo vina alama ya mwaka pembeni, kioo kimoja kikiwa na mwaka tofauti na wenzake uliza kilivunjwa na nini. Ajali ndogo iliyonyooshwa vizuri kwangu sio kosa, chasisi iliyopinda ndio kosa.

Gari iliyozama kwenye mafuriko ndio ya kukimbia kabisa kuliko hata iliyopata ajali, maana maji yakishaingia kwenye soketi za nyaya gari itakuwa na magonjwa yasiyo na jina, leo dirisha, kesho ABS, keshokutwa haiwaki. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo huwa haitoki nje, utafute mstari wa tope au madoa. Nyanyua kapeti, tazama bolti za chini ya viti kama zina kutu, toa tairi la akiba uchungulie shimo lake. Na ukikuta gari imejaa manukato makali hata kama imekaa juani imefungwa, ninaamini kuna harufu inafichwa.

Tairi soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwake, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa lakini ina miaka 10 na imekauka, hiyo inapasuka. Ikilika upande mmoja tu, alaimenti (mpangilio wa tairi) au bushi zimekufa au kuna kitu kimepinda.

Ukienda kuijaribu barabarani, iendeshe wewe, sio muuzaji, na umwombe kwa heshima asiongee sana. Tafuta barabara yenye mashimo kidogo na uende polepole, milio ya tok tok kutoka mbele ni stebilaiza linki, bushi au boljointi (vipuri vya chini vinavyoshikilia tairi), hizi sio za kukimbilia, ni za kupunguzia bei. Kwenye uwanja zungusha usukani mpaka mwisho na uende mbele duara, kulia halafu kushoto, ukisikia kat kat kat jointi za ekseli za mbele zimechoka. Kwenye barabara iliyo wazi na salama fika kilomita 80 kwa saa, funga breki kwa nguvu kiasi, usukani ukitetemeka diski zimepinda, gari ikivuta upande mmoja kalipa moja (kinachobana diski ya breki) imeganda. Kupanda mlima nako ni lazima maana gari zote ni nzima kwenye tambarare.

Haibridi (zenye injini na mota ya umeme pamoja) na za umeme zina mambo yake. Watu wanaziogopa sana haibridi na mimi naona hofu imezidi, Toyota Prius ipo sokoni tangu mwisho wa 1997 na mafundi wameshaijua. Betri kubwa inakufa haraka kwa joto, na joto linaletwa na feni yake kuziba vumbi, tundu la hewa mara nyingi liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, lichungulie. Kuna programu za simu zinazosoma voltiji ya kila kundi la seli, ukiona kundi moja linashuka kuliko wenzake unapokanyaga mafuta, betri inaelekea mwisho. Kwa Nissan Leaf za mwanzo tazama vibao 12 vidogo vya uwezo wa betri kwenye dashibodi, sio vile vya chaji, kile cha kwanza kinapotea betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15, na gari hizo hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji kwa hiyo zilizoishi kwenye joto kali zinachoka mapema.

Skrini kubwa, taa za urembo, spika nne nyuma, hivyo visikupandishie bei hata kidogo, vinawekwa siku moja na ukivitaka utaviweka mwenyewe.

Ukiridhika na yote hayo bado kuna fundi. Awe fundi wako, sio wa muuzaji wala wa dalali, na umlipe hela yake hata kama atakwambia usinunue, maana fundi anayelipwa gari ikinunuliwa tu ana sababu ya kukwambia ni nzima. Ainyanyue juu, aangalie chasisi, oili inavuja wapi, akiweza apime kompresheni. Namba ya VIN, ile ya utambulisho wa gari, ina herufi na tarakimu 17 na ndani yake hakuna kabisa herufi I, O wala Q, ilinganishe chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango na kwenye nyaraka, herufi kwa herufi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi ya chasisi badala ya hiyo, linganisha vile vile. Ukiwa nayo ingia tovuti ya kiwanda uone kama gari iliitwa kurekebishwa na haikupelekwa, hasa hizo za Takata.

Bei ijadili baada ya kuwa na orodha ya kasoro mkononi, unataja kitu kimoja kimoja na gharama ya kukirekebisha, bila kumdharau mtu wala gari yake. Na ukishaichukua, kabla ya safari yoyote ndefu badilisha oili ya injini na chujio lake, mafuta ya gia kama hayana ushahidi, koolanti, maji ya breki, na uandike kilomita za siku hiyo kwenye daftari litakalokaa humo humo ndani ya gari.